Wadudu Waliozoea Ukali

Kila asubuhi Mama Juisi hukamua mananasi na malimau kibandani kwake sokoni. Mume wake, Baba Chupa, huosha chupa na kupiga domo. Domo ndilo linalomchosha zaidi.

Mama Juisi alikuwa na mtindo wake. Kila jioni alibakiza kikombe kimoja cha juisi. Kesho yake alikimimina kwenye juisi mpya, ili iwe kali mapema. Kisha aliipasha moto kidogo tu. "Ikichemka inaharibika ladha," alisema.

Jumatatu, wateja watatu waliharisha. Bibi Afya, mkaguzi wa soko, akafika.

"Mama, nakupa siku saba. Juisi isipokuwa salama, kibanda kinafungwa."

"Kifungwe na nani?" Mama Juisi akashika kiuno. "Mdudu gani ataishi kwenye ukali huu? Mume wangu akinywa anafumba jicho nusu saa!"

"Yote mawili," akasema Baba Chupa.

"Wewe osha chupa!" Akamgeukia Bibi Afya. "Mwanangu, sifungi kwa maneno. Kapime. Ukimwona mdudu, nitakusikiliza."

Bibi Afya akapeleka chupa mbili maabara. Siku ya tatu akarudi.

"Wapo, mama. Bakteria wa kuharisha."

"Ndani ya limau?"

"Ukali unaua wengi, si wote. Wanaobaki wanauzoea. Wewe unawalea kikombeni usiku kucha, asubuhi unawatia kwenye juisi mpya wakiwa sugu. Aliyezoea ukali huvumilia hata moto mdogo. Kwao ule moto wako ni maji ya kuogea."

"Yaani nimewasomesha?"

"Mpaka wamehitimu," akasema Baba Chupa.

Mama Juisi hakucheka. Alichukua kile kikombe cha juisi ya jana, akakimwaga mtaroni.

"Kufunga, sifungi. Niambie la kufanya."

"Osha matunda kwa maji safi kabla ya kukata. Juisi ya jana usiichanganye na ya leo. Ichemshe mpaka itokote sufuria nzima. Chemsha na chupa za kioo. Zijaze juisi ikiwa bado ya moto, ufunge hapo hapo. Ikipoa, weka kwenye friji."

"Na ladha?"

"Onja kwanza, ugombe baadaye."

Kesho yake alifanya hivyo, akaonja. Hakugomba.

Siku ya tano Bibi Afya alichukua chupa nyingine. Siku ya saba wauza nyanya walisogea kutazama kibanda kikifungwa.

"Juisi ni safi," Bibi Afya akasema, akimkabidhi Mama Juisi karatasi ya majibu ya maabara.

Mama Juisi akaipigilia ile karatasi ya majibu mbele ya kibanda. "Mlikuja kuona kufuli? Someni! Asiyejua kusoma, namsomea."

Fundi viatu, mmoja wa wale watatu walioharisha, akanyoosha glasi.

"Jaza. Lakini nikiumwa tena, nahamia hapa kibandani kwako."

"Njoo na godoro kabisa," Mama Juisi akamjibu, huku akimimina. "Utarudi nalo hujalilalia."