Jicho Moja la Surafel

Bezawit na Surafel walikutana Merkato, soko kuu la Addis Ababa, Jumamosi asubuhi, kila mmoja ameng'ang'ania upande wake wa mesob moja kuukuu, ile meza ya kikapu ambayo watu huizunguka wakila.

"Kaka, achia. Nimeiona mimi kwanza."

"Uliiona wewe, nimeishika mimi. Macho hayanunui, dada."

"Na mkono wa kunyang'anya je, unanunua?"

Muuza vikapu alicheka hadi akashika mbavu. Bezawit alivaa gauni jeupe la pamba lenye madoa ya rangi kwenye pindo. Surafel alikuwa na koti la ngozi na ndevu zilizochongwa kwa uangalifu wa mtu anayejipenda. Wakatazamana vidole, vyote vimechafuka rangi, wakaangua kicheko. Kumbe wachoraji wote! Surafel akailipia mesob, akambebea kichwani mpaka kituo cha basi, na tangu siku hiyo simu ya Bezawit haikupumzika.

Bezawit alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha sanaa, na mwalimu wake, Gashe Melaku, hakutaka kuona njiwa kwenye picha za kuhitimu. "Njiwa wa amani, mnyororo wa utumwa, mshumaa wa matumaini, hivyo vimeshafikiriwa na wengine," alisema. "Nileteeni kitu cha nyumbani kwenu kinachosema jambo kubwa kuliko chenyewe."

Miezi miwili Bezawit alichora na kuchana. Jibu likamjia wakati wa kula. Baba yake alikwenda Jeddah miaka kumi na moja nyuma, simu zikakoma, lakini mama yake, Tiruwork, bado alitandika injera ya watu watatu, mkate mmoja mpana wa kuliwa pamoja. Kwao kila mtu humega mbele yake, havuki kwenda kwa mwenzake. Kwa hiyo kila siku upande wa baba ulibaki mzima. Injera moja ya duara, pande mbili zimemegwa, wa tatu haujaguswa. Akaichora kwenye kijitabu, akamwonyesha mtu mmoja tu.

"Mrembo wangu, hii itamliza hata askari," Surafel alimwambia, huku akimviringishia tonge na kumtia kinywani, kama wafanyavyo wapendanao wa Addis.

"Usimwambie mtu. Ni siri ya mama."

"Mama yangu afe nikisema."

Na kweli hakusema. Alichora.

Surafel ndiye aliyewaalika mwenyewe, mama na binti, kwenye maonyesho yake ya kwanza, katika ukumbi mmoja mtaani Bole. "Nina zawadi yenu," aliwaambia kwenye simu. Mama Tiruwork akajitanda shuka lake la sikukuu. Ukuta wa katikati ulikuwa na picha kubwa kama mlango: injera, pande mbili zimemegwa, wa tatu mzima. Chini yake jina la Surafel, na kando kibandiko chekundu cha kuonyesha imeshanunuliwa.

Mama aliitazama muda mrefu. "Bezawit," akasema polepole, "nani amemkaribisha huyu kijana kwenye huzuni yangu?" Akajifunika mdomo kwa shuka, akatoka.

Jioni simu ililia mara saba. Ya nane Bezawit akapokea.

"Beza, nisikilize..."

"Usiniite Beza."

"Nilitaka mama aone anavyoheshimiwa!"

"Kwa jina lako chini?"

"Wazo halina mwenyewe, mpenzi. Lingekaa kwenye kijitabu mpaka lini? Wewe unasitasita mno."

"Nimelihangaikia miezi miwili! Na siri ya mama nilikupa wewe, Surafel. Sikuupa ukuta."

Akakata, akalia mpaka kichwa kikamgonga. Zilibaki siku kumi kabla ya maonyesho ya kuhitimu, na akichora injera ya nyumbani kwao mwenyewe, jiji zima lingesema amemwiga Surafel. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amemfulia nguo hizo kwa mapenzi.

"Amekuibia picha," Gashe Melaku alimwambia. "Uwezo wa kuitafuta hakukuibia. Sasa hivi kinachokuuma ni nini hasa?"

"Mkono wake, Gashe. Uliokuwa ukinilisha."

"Basi nenda kaanzie hapo."

Akaanzia hapo. Kwenye kuta za makanisa yao wema huchorwa uso mzima, macho mawili makubwa. Mwovu huchorwa kwa upande, jicho moja. Hata mtoto asiyejua kusoma hulijua hilo. Bezawit alijichora uso mzima, kinywa wazi kupokea tonge. Mkono wa Surafel aliuchora kwa upole wote aliokuwa nao, kila kidole, kwa sababu aliupenda. Uso wake akauchora wa upande, jicho moja, linatazama kijitabu kilicho magotini mwa msichana.

Siku ya maonyesho Surafel akaja na koti lake lile lile. Watu wakatazama picha, wakamtazama yeye, wakampisha njia.

"Umenichora Yuda," akasema.

"Nimekuchora ulivyokaa. Ulikuwa unanilisha huku unatazama kijitabu."

Surafel akageuka, akatoka.

Jumapili Surafel alibisha hodi kwa kina Bezawit, amekumbatia picha kubwa iliyofungwa kwa shuka. Alikuwa amemwomba mnunuzi airudishe, na kwenye ukumbi wa Bole alisimama mbele ya watu akataja wazo lilikuwa la nani. "Hii ni yenu," akasema. "Jina langu nimelifuta."

Mama Tiruwork hakumfukuza. Mgeni hafukuzwi wakati buni iko motoni. Akammiminia kikombe cha kwanza cha kahawa, kisha cha pili. Kilipofika cha tatu, kile cha baraka, ambacho mgeni haondoki kabla hajakinywa, akamsukumia binti yake buli la udongo.

"Viwili nimemimina mimi. Hiki ni chako, mwanangu. Umimine au usimimine."

Surafel akainua macho. "Bezawit, niongezee jicho la pili. Nakuomba. Nitakuoa, nitakaa miguuni pako."

Bezawit alishika buli. Alikuwa anampenda bado, kwa moyo wote, na aibu ya kumpenda ilimchoma kuliko wizi wenyewe. Akamimina, kikombe kikajaa mpaka ukingoni. Uso wa Surafel ukachanua.

"Asante, mrembo wangu. Asante."

"Kunywa," Bezawit akasema. "Hicho ndicho cha tatu. Ukikimaliza, mgeni ana ruhusa ya kwenda."

Surafel alikunywa taratibu sana, tone kwa tone. Walimsubiri, mama na binti, mpaka akamaliza.