Neno la Siri la Mtaa Mzima

Walikutana sokoni, siku ambayo watu walibanana hadi hewa ikawa ya kugombania. Simu ya msusi ilidondoka, na kijana mmoja mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri akaiokota kabla haijakanyagwa.

"Kioo kimekufa, dada, lakini roho bado ipo," alisema. "Mimi fundi simu. Duka langu lile pale."

Alibadilisha kioo, akamfungulia na akaunti mtandaoni aweke picha za mitindo yake. Miezi minane baadaye fundi alikuwa anamwita msusi Vidole, na habari za ndoa zilishafika kwa mama zao.

Basi Ijumaa moja mchana fundi aliingia saluni bila hodi, wateja wanne wamekaa, akamnyooshea msusi simu usoni.

"Huyu unayemwita asali wa moyo ni nani?"

Msusi alisoma. Akaunti ni yake, picha ni yake na gauni lake la njano, na maneno matamu yameandikwa kwa wanaume watatu asiowajua.

"Sijaandika mimi."

"Akaunti yako, sura yako, halafu si wewe. Ni jini? Ndoa hakuna. Tafuta mjinga mwingine."

Akatoka. Mteja mmoja akaguna. Kuachwa kuliuma, lakini kuvuliwa nguo mbele ya wateja kuliuma zaidi, maana jina lake ndilo lililompa ugali wake. Alikasirika, akaweka kitana chini.

Hakulia. Alifungua akaunti, akatafuta mahali panapoonyesha simu zilizotumika kuifungua. Zilikuwa mbili: yake, na nyingine ya mji ambao hajawahi kuukanyaga. Akaiondoa, akabadilisha neno la siri, akatazama zile meseji zilitumwa saa ngapi. Kisha akampigia fundi.

"Jumanne saa tisa alasiri nilikuwa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Muulize mama yako. Nilikuwa namsuka, mikono yote miwili kichwani mwake. Au niliandika kwa miguu?"

"Ni kweli, mama alisukwa Jumanne," alisema fundi.

"Neno la siri uliniwekea wewe, ukanikataza kulibadilisha nisije nikalisahau. Nani mwingine analijua?"

"Vidole..."

"Usiniite hivyo. Jibu."

"Wateja wote nawawekea hilo hilo," alisema kwa sauti ndogo. "Jina la duka, na moja mbili tatu. Wakisahau, iwe rahisi kuwasaidia."

"Yaani umegawa funguo za nyumba yangu mtaa mzima, hadi zimefika mji mwingine, halafu unaniuliza mimi mwizi ni nani."

"Nisamehe, mpenzi. Jioni tukae tuongee, sisi wawili."

"Ulinitukana mbele ya watu. Wawili wa nini? Kesho njoo useme mbele yao."

Kesho yake saluni ilikuwa imejaa. Fundi alisimama katikati, jasho likimtoka, akasema wazi kwamba msusi hana kosa, na kwamba kila aliyefunguliwa akaunti dukani kwake ana neno la siri moja na wenzake. Alijua maneno hayo yanaweza kumfungia duka. Mama mmoja alimtukana vizuri, kisha akamsukumia simu yake. Wengine wakafuata. Aliwaelekeza mmoja mmoja, na kila mmoja alipoandika neno lake jipya, fundi aligeukia ukuta.

Alipomaliza alimsogelea msusi. "Bado utakubali nikuoe?"

"Nimekusamehe," alisema msusi, akiendelea kusuka. "Ila hasira sijaimaliza. Kaa hapo kwenye benchi."

"Mpaka lini?"

"Nitakuambia."

Fundi akakaa.