Siku Niliyomvisha Mama Aproni ya Mpishi

Ndugu wasomaji, nina miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ni kupima pareto kwenye shamba la mzungu, hapa Masisi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa niende Uhindi kusomea sheria... Chekeni tu, hata mimi hujicheka.

Baba yangu, mtu wa Karuba, alifariki ningali mdogo. Mama alinilea peke yake kwa kulima viazi. Alizaliwa kwenye misitu ya Walikale, na mkononi alivaa bangili ya chuma ya mila ya kwao, ambayo hakuivua hata siku ya ubatizo.

Nilipata ukarani wa mahakama, nikasoma sheria kwa posta, na nilipofika miaka ishirini barua ikaja. Chuo cha Uhindi kimenikubali!

Ila mtu mweusi hakupewa ruhusa ya kusafiri mbali bila karta ya evolue, yaani mtu aliyestaarabika. Ili uipate, wazungu walikuja kukagua nyumba yako. Una meza? Unakula kwa uma? Nani anaishi nawe?

Nikamtazama mama, anayekula chini kwa mkono, na ile bangili yake. Nikaona haya. Nilimnunulia aproni nyeupe na kumwomba, siku hiyo moja tu, awe mpishi wangu.

“Haiko neno, mutoto wangu,” alisema. “Nitapika.”

Wazungu walikula, wakashiba. Mkubwa wao aliuliza habari za mama yangu, nami nikasema anakaa mbali, kijiji cha Kalembe. Mama alikuwa nyuma yangu ameshika sahani. Karta nikaipata.

Kumbe sheria niliyoisoma ilikuwa inaningoja. Sikuwa nimetimiza miaka ishirini na mmoja, na baba hayupo. Ofisi ilitaka mama apige kidole cha idhini kwenye karatasi ya safari. Nilijipa moyo kwamba huenda tutampata mzungu mwingine.

Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, tukatoka nyumbani Karuba kwa miguu kwenda ofisini. Njia nzima aliimba. Tulipoingia ofisini, nyuma ya meza alikaa mzungu yule yule.

“Huyu si mpishi wako?” aliuliza kwa Kiswahili.

Mimi, mwanasheria mzima, nikainamisha macho. Mama akaniangalia, akanisaidia kwa namna niliyomfundisha mwenyewe.

“Ndiyo, Bwana. Miye njo mupishi wake. Mama yake iko Kalembe.”

Mzungu akageukia Kifaransa, akauliza kwa nini basi nimeleta mpishi apige kidole cha mama. Nikapiga magoti nikasema ukweli kwa lugha hiyo hiyo, huyu ni mama yangu mzazi... Akacheka, akasema naongopa tena. Akachana karatasi, akachukua karta, na kesho yake nikafukuzwa ukarani.

Tukiwa njiani kurudi, mama, ambaye hakujua Kifaransa, aliniuliza polepole: “Nimesema vizuri, mutoto wangu?”

Niliongeza mwendo nikamwacha nyuma. Mvua zilizofuata alishikwa na kichomi akafa, akiamini bado nangoja siku ya safari, maana sikumweleza lolote. Aproni niliikuta chini ya mto wake, imefuliwa na kukunjwa.

Wewe unayesoma, unayetafuta karta ao cheo, nakusihi usimfiche aliyekuzaa. Mtaje mbele ya watu kungali mapema. Mimi nilimtaja mara moja tu, nikiwa nimepiga magoti, na hakuna aliyeniamini.