Fundo la Bibi

Kila asubuhi kabla sijaenda shule namsaidia Bibi kuvaa sari. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo mimi napanga mikunjo, yeye anaikaza kiunoni huku akinigombeza. "Mrunal, leo umenifunga kama gunia la vitunguu!"

Siku ya sikukuu, tulipoenda hekaluni kwa Devi, mungu wetu wa kike, kule mlimani, hakunigombeza. Chini ya ngazi alichukua ncha ya sari yake akaifunga na mtandio wangu, fundo mara mbili.

"Usilifungue mpaka turudi nyumbani. Niahidi."

"Naahidi."

Muuza bangili akacheka. "Bibi, unampeleka mbuzi mnadani?"

"Mbuzi angalau hulia," Bibi akajibu. "Huyu hata sauti hana."

Tukapanda. Karibu na lango, watu wa mbele wakasimama. Mtu mmoja akasema pazia la mbele ya sanamu ya Devi linafungwa saa sita. Mwingine akasema hapana, saa sita ndipo linapofunguliwa. Wa nyuma wakasukuma, na wa juu wakateremka kwa ngazi hizohizo. Kengele zilikuwa zinalia, watu wanaimba, watu wanapiga kelele, nami sikujua tena kipi wimbo na kipi kilio. Miguu yangu haikugusa chini. Mpaka leo sielewi nani alianza kusukuma.

Mwanamume mnene mwenye kikapu cha nazi akaingia kati yetu. Hakutaka, alisukumwa tu. Mtandio ukavutika. Nikamwona Bibi upande wa pili, sari imemzunguka shingo, mdomo wazi, sauti haitoki.

Nikalivuta fundo. Lilikuwa limelowa maji ya nazi zilizopasuka kikapuni, likazidi kukaza. Na je, likifunguka? Bibi haoni, atapotea, nami niliahidi. Nisipolifungua…

Mtandio ulishikwa begani kwangu na pini. Kuuvua mbele ya wanaume wote wale! Nyumbani hata mjomba akija nakimbilia kuuvaa. Nikachomoa pini. Mtandio ukanitoka, ukapita juu ya nazi, ukamfuata Bibi. Shingo yake ikalegea. Halafu watu wakamfunika, sikumwona tena.

Nimemtupa Bibi yangu, nikawaza.

"We binti! Mikono kifuani!" Askari wa kike alikuwa amesimama juu ya ukuta. "Wakikuyumbisha, yumba nao! Wakitulia, sogea pembeni kidogo kidogo! Usiiname! Njoo kwangu!"

Nikayumba, nikasogea, nikayumba tena. Akanivuta juu.

"Umekuja na nani?"

"Bibi," nikanong'ona.

"Anaitwa nani?"

Kwetu mtoto hatamki jina la mkubwa. "Bibi," nikarudia.

"Mwanangu, hapa mabibi ni elfu mbili!" Akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Sulochana!" nikapaza sauti. "Bibi Sulochana! Mimi mzima! Nenda pembeni, kaa ukutani, usinitafute!"

Askari wengine walifunga njia chini, watu wakaanza kupungua. Bibi alionekana amejibana ukutani, mtandio wangu unaburuzika nyuma yake kama mkia. Nilimkimbilia, nikaanza kumwomba msamaha, akanifunika mdomo.

"Kumbe mbuzi wangu hulia," akasema, machozi yakimtoka.

Yule askari wa kike akalikata fundo kwa mkasi. "Bibi, fundo halijui kuachia. Mshike mkono. Mkono ukizidiwa unaachia, kisha mnakutana mahali mlipokubaliana kabla ya kupanda. Na mkiona watu wameanza kubanana, geukeni mapema, msingoje mpaka mshindwe kuinua mikono. Devi hahami. Atakuwepo kesho."

Tuliteremka bila kumwona Devi. Muuza bangili akatuona.

"Mbuzi wako kakata kamba?"

"Nimeitupa kamba," Bibi akasema, ameshika mkono wangu. "Mwaka kesho tukipotezana tutakutana hapa kwako. Na mimi nikichelewa, huyu ataniita kwa jina."