Mgeni Aliyekuja na Kompyuta ya Magoudjou

Umeme ulikatika saa saba mchana, na kompyuta ya nyumbani kwa Koultoumi haikuzimika.

Wakati ule wa vikwazo, Anjouan ilipojitangaza nchi peke yake ikafungiwa mafuta na simu, umeme kukatika Mutsamudu haikuwa habari. Feni ilisimama, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya hotuba. Lakini kioo cha kompyuta kiliendelea kuwaka buluu pale sebuleni, na mbele yake aliketi Ismahane, binti wa miaka kumi na tisa, akichapa. Koultoumi akautazama waya. Ulikuwa umelala sakafuni, umechomolewa tangu asubuhi.

"Ismahane, mwanangu, inawakaje hiyo?"

Binti hakugeuka. Vidole vyake vilikwenda mbio, na maneno yakatokea kiooni: Inawaka tu, Mama.

Laiti ushauri ungekuwa mafuta, Mutsamudu ingewaka taa usiku na mchana. Kila mtu vichochoroni alikuwa mjuzi wa kompyuta, hata wasiopata kuigusa. Zaïd, aliyesoma miaka miwili Madagaska, alisema ndani mna betri ya akiba, na dawa ni kufuta kila kitu na kupanga upya. Muuza vitambaa alishauri ifunikwe, maana hewa ya chumvi huzivuruga akili za mashine, na kitambaa anacho. Mouridi wa duka la dawa alisema ni virusi, akauliza kama binti amechanjwa. Wote walikubaliana kwamba kompyuta haizimwi kwa kuchomoa waya, huzimwa kwa adabu. Koultoumi akawauliza, na hii isiyozimika hata bila waya, adabu yake ipi? Wakakohoa, kila mtu akakumbuka shughuli zake.

Kompyuta ilikuwa mtumba. Hamidou, mumewe, karani mstaafu wa bandari, aliinunua kwa binamu yake Soulé anayekaa Magoudjou, Moroni, ikavuka kwa chombo cha mwisho kabla bahari haijafungwa. Mwezi wa kwanza ilikuwa neema, Ismahane akiwachapia watu barua na maombi ya vibali. Mwezi wa pili akaanza kusema kidogo. Akitaka chumvi, alichapa. Akiitwa kula, alichapa kwamba ameshiba. Mwezi wa tatu hakusema kabisa. Koultoumi alimpeleka hospitali ya Hombo, daktari akamulika koo, akasema ni zima, halina hata kidonda. Na tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua, na vibonye vya kompyuta vikawa vinasikika vikigonga hata Ismahane akiwa bafuni.

Kisha ikaja barua ya Soulé, imefichwa katika mkoba wa muuguzi aliyeruhusiwa kuvuka. "Nisamehe, binamu," aliandika. "Bahia wangu hajasema neno tangu Ramadhani. Nilidhani mashine ikivuka bahari atapona. Hakupona."

Koultoumi aliisoma mara mbili, akamtupia mumewe mapajani.

"Ndugu yako ametuuzia ugonjwa wa mwanawe."

Zaïd alipopata habari alikuja na ushauri mpya, akinong'ona mlangoni. "Bweni Koultoumi, bibi yangu, uza. Mashine hii ina soko. Mtu wa Domoni ataichukua kesho."

"Ana binti?"

"Anao watatu."

"Basi nenda zako, Zaïd, kabla sijakumwagia maji."

Ijumaa, walipotoka kusali msikitini, Hamidou alimleta Fundi Attoumane, mwalimu wa chuo cha Kurani. Jua lilikuwa kali nje, umeme hakuna, na kioo kikawaka. Fundi alianza kusoma. Ile harufu ya nywele ikawa nzito hata macho yakachonyota, vibonye vikaanza kushuka kimoja kimoja mbele yao wote bila kidole juu yake, halafu viwili viwili, halafu kwa kasi ya mvua juu ya bati, huku Ismahane ameketi mikono mapajani, midomo imekauka, machozi yanamtiririka, na kutoka katika spika ndogo iliyo kando ya kioo ikatoka sauti ambayo Koultoumi hakuwa ameisikia kwa wiki sita, sauti laini yenye kithembe kidogo, sauti ya mwanawe mwenyewe.

"Msinisumbue. Mwenye nyumba alinikaribisha mara tatu."

Fundi alimgeukia Hamidou. Hamidou alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilipoitua mezani," alisema kwa sauti ya chini, "nilisema karibu, karibu, karibu, nyumba ni yako. Nilikuwa na furaha tu, Fundi. Si kila mtu hukaribisha hivyo?"

"Huikaribisha mashine?" Fundi akafuta jasho. "Aliyekaribishwa mara tatu na mwenye nyumba hatoki kwa kisomo. Tumwulize masharti yake. Atataka chumba, marashi, labda mbuzi mweupe kila mwaka."

"Mbuzi!" Koultoumi alisimama. Alikuwa na hasira kuliko alivyokuwa na hofu. "Fundi, wewe ni mtu wa hapa hapa. Lini mwanamume akawa na nyumba mji huu? Huyu alikuja kwangu siku ya harusi na sanduku moja. Ni mgeni kama wewe, ewe kiumbe, na mgeni hamkaribishi mgeni. Nyumba ni yangu, niliipata kwa mama yangu. Toka!"

Spika ikacheka, kwa kicheko cha Ismahane.

"Ilikuwa yako. Mwaka juzi, mbele ya ukoo, ulimpa binti yako. Mwenye nyumba ni huyu hapa. Mwambie basi aniambie nitoke."

Koultoumi akaelewa kwa nini kiumbe kile kilianzia kwenye koo: mwenye nyumba asiye na sauti hawezi kusema toka.

"Na nikitoka," sauti iliendelea, "sauti hii ninaondoka nayo."

Ismahane akainuka. Alimtazama mama yake, akakumbatia kile kioo kizito na kisanduku na spika yake, waya ukiburutika nyuma, akaenda nacho kuelekea mlango mkubwa hatua kwa hatua, mgongo umepinda. Akakitua nje, juu ya mawe ya kichochoro, mbele ya kizingiti. Majirani wa kike waliokuwa madirishani wakaelewa papo hapo, maana ndivyo sanduku la mume aliyechosha linavyowekwa nje pale mjini, na mwanamke halazimiki kusema hata neno. Mmoja akapiga kigelegele. Ismahane akarudi ndani, akafunga mlango na komeo.

Halafu huko nje ile sauti ikaanza.

"Mama, nifungulie. Mama, jua linaniunguza. Ni mimi, Mama, huyo aliyemo ndani siye."

Koultoumi alimtazama binti aliye ndani, bubu, ameshika komeo kwa mikono miwili, na akaisikia sauti iliyo nje ikilia kama Ismahane alivyolia utotoni alipopotea sokoni, ikiita kwa jina la kudeka ambalo hakuna mwingine duniani aliyelijua, na kila alichokuwa nacho kifuani kilimvuta afungue. Akageuka, akauegemeza mgongo wake kwenye mlango, akakaa chini pale pale.

"Lia," alisema. "Mlango huu haufunguki."

Ililia mpaka adhana ya alasiri. Kisha ikanyamaza. Koultoumi akachukua mchi wa kinu, akatoka, akaivunja ile mashine vipande vipande, asije akaiokota mtu wa Domoni.

Hamidou alikuwa amesimama ukumbini na kofia mkononi, hajui akae au aondoke. "Wanangoja msikitini," alisema. "Naweza kwenda?"

Hakumwuliza mkewe. Alimwuliza mwanawe.

Ismahane akafungua midomo. Kwanza ikatoka hewa tu, kisha mkwaruzo, kisha sauti nzito iliyopasuka, ambayo hapo awali haikuwa yake.

"Nenda, Baba. Ukirudi, piga hodi."