Kinyozi na Mstari Anaousahau

"Simama hapo hapo!" Mwalimu alipiga makofi. "Kinyozi, umesahau tena?"

Kinyozi alikuna kisogo. Mbele yake, katikati ya jukwaa, Muuguzi, aliyeigiza mkewe, alikuwa amesimama na sanduku la bluu mkononi, anamsubiri.

"Nimesahau, Mwalimu."

"Mahali pale pale?"

"Pale pale."

Wenzake wakaangua kicheko. Muuguzi naye alicheka, tena akampiga kikofi begani. Nyuma ya pazia la pembeni, Mama Pacha aliuona ule mkono ukienda na akauona ukirudi. Alikuwa amekalia kiti cha mbao, ameweka maandishi ya mchezo mapajani. Kazi yake ilikuwa moja tu: mwigizaji akikwama, yeye amnong'oneze maneno.

"Mama Pacha, mpe mumeo mstari wake."

Akasoma:

"'Nakupenda. Nimechelewa kusema. Ukitoka wewe, nyumba hii itabaki kuta tu.'"

Kinyozi alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Halafu akamgeukia Muuguzi na kuyasema yote, neno kwa neno.

Mama Pacha akafunua ukurasa kwa nguvu mpaka ukachanika pembeni.

Chama chao cha fasihi kilizaliwa kwenye darasa la jioni, darasa la watu wazima waliorudi kusoma na mvi zao. Juma hilo walikuwa wanamuenzi Bibi Mtunzi, mama mzee aliyeandika michezo ya kuigiza tangu wengine hawajazaliwa. Alhamisi mhadhara, Jumamosi na Jumapili maonyesho, na mwenyewe angekaa kiti cha mbele. Mchezo waliouchagua ulihusu mume mkimya ambaye mke wake anafunga safari ya kumwacha. Mwalimu alipotafuta mtu wa kuigiza huyo mume, darasa zima lilimgeukia Kinyozi. Mtaani walisema kinyozi asiyeongea ni kama redio isiyo na betri, lakini mikono yake ilikuwa myepesi, na wateja walimvumilia.

Mama Pacha pia alimvumilia. Miaka yote ya ndoa, mume huyo alimletea maji, alimwombea akiugua, alimsindikiza darasani kila jioni. Ila "nakupenda" haikuwahi kumtoka mdomoni. Sasa ilikuwa inamtoka, tena mbele ya watu, na aliyeambiwa alikuwa mwingine.

Njiani kurudi nyumbani alishindwa kujizuia.

"Baba Pacha, mchezo mzima unaujua. Mstari ule mmoja tu ndio unakushinda?"

"Ni mgumu."

"Mgumu au mtamu?"

"Mama Pacha, nawe."

"Nauliza tu. Ukimtazama yule Muuguzi, maneno yanakimbilia wapi?"

"Hayakimbii popote."

"Basi yanajificha wapi?"

Kinyozi akamshika mkono ili wavuke barabara. Ng'ambo ya pili Mama Pacha akauchomoa.

Kesho yake asubuhi, mume yuko bafuni, simu yake ikawaka mezani. Mama Pacha hakuwa mtu wa kushika simu ya mwenzake. Lakini jicho halina pazia, na ujumbe ulikuwa juu kabisa:

"Kaka, siri yako iko salama kwangu. Ila mwambie mkeo mapema, asije akagundua mwenyewe. Muuguzi."

Akakaa kitandani, akampigia dada yake aliyekuwa mji wa pili.

"Dada, nimekwisha."

"Unaumwa?"

"Bora ningeumwa. Mume wangu ana siri na mwanamke."

"Yule bubu? Huyo siri atamwambia nani, na kwa mdomo gani?"

"Usicheke, dada. Kila wakifika kwenye maneno ya mapenzi, anasahau. Anamwangalia, anasahau!"

Dada akaacha kucheka.

"Mdogo wangu, mwanaume akipotewa na maneno mbele ya mwanamke, ujue na moyo umeshatangulia. Funga sanduku uje."

"Na chama? Nani atawasomea?"

"Wewe! Unaibiwa mume, unafikiria kuwashikia taa wezi?"

"Nimeahidi mbele ya Mungu na watu. Nitawasomea Jumamosi, ya Jumapili watafute mwingine, halafu nitapanda basi la jioni."

Mchana wa Alhamisi ukumbi ulijaa. Bibi Mtunzi alizungumza ameketi, sauti ndogo lakini kali kama sindano mpya. Maswali yalipofika, wasomi waliuliza mambo marefu. Mama Pacha, fundi cherehani aliyeshinda akishona magauni ya watu, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule mume kwenye mchezo wako. Kwa nini hasemi mapema kwamba anampenda mkewe?"

Bibi Mtunzi akamtazama.

"Umemuuliza?"

Watu wakacheka.

"Nani, Bibi?"

"Yeye. Mimi niliandika tu. Wanaume wakimya hawaniambii kitu hata mimi."

Kila mtu alicheka isipokuwa Mama Pacha. Na Kinyozi, aliyekaa safu ya nyuma.

Jumamosi Mama Pacha alifunga sanduku. Akaweka magauni, kanga, kitabu chake cha sala, na picha ya mapacha wake waliokuwa shule ya bweni. Sanduku lenyewe ni lile la bluu, alilokuwa amewaazima waigizaji na sasa amelirudisha nyumbani. Kwa ajili ya mchezo akaazima jingine kwa jirani, jeusi, tupu. Alipofika ukumbini aliweka jeusi mezani penye vifaa vya jukwaa, na la bluu akalisukuma nyuma ya kiti chake. Kisha akaenda pembeni kusali.

"Mungu wangu, nipe mdomo wa kusoma leo tu. Kesho nitalia."

Alipokuwa amefumba macho, mama mpanga jukwaa alipita.

"Nani kaleta hili jeusi? Watu hawa! Siku zote tunatumia la bluu." Akalitafuta, akaliona nyuma ya kiti, akabadilisha. "Zito leo. Wametia mawe nini?"

Taa zikazimwa ukumbini, zikawaka jukwaani.

Mchezo ulikwenda vizuri. Watu walicheka penye kicheko, wakaguna penye kuguna. Mama Pacha alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka pale mke anapoingia na sanduku lake. Akainua macho.

Muuguzi alikuwa amebeba la bluu. Alilibeba ameinamia upande mmoja.

"Mungu wangu!" Mama Pacha akaziba mdomo.

Katika mchezo, mke hulifungua sanduku mezani na kumwonyesha mumewe kwamba hachukui kitu cha nyumba ile. Muuguzi akalifungua. Badala ya sanduku tupu akakuta nguo zimepangwa. Akashtuka, lakini mwigizaji ni mwigizaji. Akaendelea na maneno yake, akitoa kimoja kimoja.

"Tazama basi, sichukui kitu chako..."

Likatoka gauni la maua. Ikatoka kanga. Kikatoka kitabu cha sala chenye jalada lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Ikatoka picha ya mapacha.

Kinyozi akaipokea ile picha. Akaitazama. Akalitazama gauni alilolijua, kitabu alichokisikia kikisomwa kila alfajiri pembeni ya sikio lake. Maneno yake yalikuwa yanafuata, yale yale, na ukumbi mzima unamsubiri.

Akaendelea kuitazama picha.

Nyuma ya pazia, Mama Pacha alikuwa na mstari chini ya kidole. Ilikuwa zamu yake kunong'ona. Wivu ukamwambia: mwache aaibike. Mwache amtafutie mwenyewe maneno huyo wake. Akauma mdomo wake wa chini.

Ukumbi ukaanza kukohoa. Mwalimu, upande wa pili, alimpungia mikono kama mtu anayezama. "Soma! Soma!"

Mama Pacha hakusoma.

Ndipo Kinyozi alipofanya jambo ambalo halikuwamo katika mchezo. Alimpa Muuguzi mgongo. Akavuka jukwaa, picha mkononi, mpaka kwenye pazia la pembeni. Akasimama karibu kiasi kwamba Mama Pacha aliona ncha za viatu vyake chini ya kitambaa.

"Nakupenda," akaliambia pazia.

Sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Nimechelewa kusema. Nimechelewa sana, najua. Ukitoka wewe... ukitoka wewe, nyumba hii itabaki kuta tu."

Akaongeza lisiloandikwa popote:

"Usiende, Mama Pacha."

Ukumbi ulisimama kwa makofi. Mwalimu akafunga pazia kubwa haraka, kurasa mbili kabla ya mwisho, maana alijua hakuna cha kuongeza.

Nyuma, Mama Pacha alikuwa analia juu ya maandishi. Kinyozi akamnyooshea mkono.

"Usiniguse. Unayasema leo kwa sababu umeona sanduku. Siri yako na Muuguzi niliisoma mwenyewe."

Muuguzi, aliyekuwa anarudisha nguo sandukuni, akainuka.

"Dada, kaka huyu ataniua kwa aibu yake. Bubu wewe, mwambie! Au niseme mimi?"

Kinyozi akapiga magoti kwenye mbao.

"Sikuwa nasahau."

"Nini?"

"Ule mstari. Niliujua tangu siku ya kwanza. Muuguzi aligundua, akanikamata siku ile tukipanga viti. Ndiyo siri."

"Sasa unajifanya umesahau ili iweje?"

Akainama chini.

"Siku ya kwanza nilisahau kweli. Ukanisomea pale nyuma ya pazia. 'Nakupenda.' Sauti yako. Mama Pacha, tangu nikuoe, na wewe hujawahi kuniambia neno hilo. Nikaona nikilikumbuka, sitalisikia tena."

Mama Pacha akalitafuta neno hilo katika miaka yote, jikoni, kitandani, hospitali walipozaliwa mapacha. Hakulipata. Alikuwa amemdai mwenzake kitu ambacho naye hakuwahi kukitoa.

"Kumbe bubu tulikuwa wawili," akasema.

"Wawili," Kinyozi akajibu.

"Nami mwenzenu nimechoka kubeba mawe yenu," Muuguzi akasema, akamkabidhi sanduku. "Na siku nyingine soma ujumbe wangu vizuri, dada. Niliandika 'kaka'."

Mbele ya pazia mazungumzo na Bibi Mtunzi yalikuwa yameshaanza. Msomi mmoja mwenye miwani alikuwa anaeleza kwa kirefu kwamba pazia lile lilikuwa ishara ya mpaka kati ya uhai na mauti.

"Baba," Bibi Mtunzi akamkatiza taratibu, "mimi pazia sikuliandika. Lakini yule mume, nyuma ya pazia lile pana mtu wake. Mwacheni."

Simu ya Mama Pacha ikatikisika mfukoni. Dada: "Uko kituoni? Nimekuandalia chumba."

Akajibu: "Siji, dada. Nimemuuliza mwenyewe."

Jumapili sanduku jeusi ndilo lililopanda jukwaani, tupu, jepesi. Muuguzi akalifungua, akaonyesha hewa. Kinyozi akavuta pumzi. Alikuwa ameamka alfajiri, wamesali pamoja, na mstari ule ameusema mara kadhaa juu ya kikombe cha chai, pasipo jukwaa. Safari hii hakusahau hata herufi.

Lakini kabla hajafungua mdomo, nyuma ya pazia sauti ikatoka, si ya kunong'ona tena, ikafika hadi safu ya mwisho:

"Nakupenda!"

Mwalimu akashika kichwa kwa mikono miwili.

Kinyozi akageuka, meno yote nje.

"Mama Pacha, leo sijasahau."

"Najua," pazia likajibu. "Endelea na kazi yako."