Siku Kompyuta Ilipokataa Kusoma Printa

Kwa Mama Sabuni huna haja ya kuuliza mlango. Fuata pua tu. Ukikutana na harufu ya mchaichai, umefika. Ukipiga chafya, umepitiliza hadi jikoni.

Asubuhi hiyo sabuni zilikuwa zimepangwa kila mahali: kwenye viti, dirishani, hata juu ya televisheni. Baba alizunguka sebule akitafuta pa kukaa.

"Mke wangu, na mimi nitapangwa wapi?"

"Wewe huuziki. Simama hapo hapo."

Mama alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza, duka kubwa la mjini lilikubali kuweka sabuni zake kwenye rafu. Gari la duka lingekuja kuzichukua alasiri. Mwenye duka alitoa sharti moja: kila sabuni iwe na lebo inayoonyesha jina lake, vitu vilivyomo na tarehe ya kutengenezwa. Bila lebo, gari litaondoka tupu.

Lebo zilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Zilibaki kuchapwa tu kwenye karatasi za kubandika. Kazi hiyo alipewa binti yao anayesoma sekondari. Nyumbani wanamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kufungua pasi ili aitengeneze. Pasi haijafungika hadi leo.

Injinia akabonyeza "chapa". Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa choo.

"Mama, kompyuta haisomi printa. Inasema haiioni."

"Haiioni vipi, na vimekaa meza moja?"

Baba akasogea, akaipiga printa kofi la mgongoni. "Redio yetu ya zamani ilikuwa inasikia kofi," alisema.

Printa haikusikia. Kipanya nacho kikagoma. Kishale kikaganda katikati ya kioo.

"Basi imeharibika kompyuta," alisema Injinia. "Nitafuta kila kitu, niiweke upya."

"Na lebo zangu?"

"Nazo zitafutika. Kidogo."

"Kidogo! Toa mkono hapo!" Mama alijifunga kanga vizuri, akatoka. Alirudi na jirani yao, Mama Picha. Huyu ana studio ya picha mtaa wa pili. Anashinda na mashine za kuchapa, na hakosi la kusema.

"Hodi! Mnanukia kama maharusi," alisema. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni hii printa, shangazi," alisema Injinia. "Nataka kuweka programu upya."

"Subiri, mwanangu. Usiguse programu kabla hujagusa waya. Printa imewaka?"

"Imewaka. Taa yake ya kijani hiyo."

"Vizuri, umeme inapata. Kuna kingine kilichogoma?"

"Kipanya."

"Na kibodi?"

Injinia akabonyeza herufi. Ikatokea. "Kibodi inafanya kazi."

"Sasa niambie. Kibodi imechomekwa wapi?"

"Nyuma ya kompyuta."

"Na hao wawili waliogoma?"

Injinia akatazama kitambaa cheupe cha kufuma kilichokuwa pembeni ya meza. Mama alikiweka pale kwa sababu hapendi kuona nyaya. Mama Picha akakifunua.

"Maskini!" alisema, akashika kiuno.

Chini yake kulikuwa na kigawanyio, kile kidude cha matundu mengi ya USB kinachochomekwa kwenye tundu moja la kompyuta. Kilibeba waya wa printa na wa kipanya. Kilibeba pia simu ya Mama, simu ya Baba, taa ya kusomea, na feni ndogo iliyoelekezwa kwenye sabuni ili zikauke.

"Feni ya nani hii?" aliuliza Mama Picha.

Baba akakohoa. "Niliichomeka asubuhi. Nilikuwa nasaidia."

"Shemeji, umesaidia mpaka basi! Kigawanyio hiki hakina umeme wake. Kinaomba kwa kompyuta, na kompyuta inatoa kidogo tu. Feni inavuta, simu zinavuta, taa inavuta. Kikizidiwa kinazima. Kikizima, kompyuta haioni chochote kilichochomekwa hapo. Si printa, si kipanya."

"Kwa hiyo printa ni nzima?" aliuliza Mama.

"Nzima kabisa. Imepigwa kofi bure."

Mama Picha akachomoa kigawanyio chote. Kipanya akakichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kishale kikaanza kutembea. Injinia akadaka waya wa printa.

"Ngoja!" Mama Picha akamzuia. "Ulibonyeza 'chapa' mara ngapi?"

"Nyingi tu."

"Basi kazi zote hizo ziko foleni. Ukichomeka sasa, zinaweza kutoka zote kwa pamoja, karatasi ziishe. Fungua foleni ya printa, ufute zote."

Injinia akafuta. Foleni ilikuwa ndefu, mpaka Mama akageuza uso asiione. Ndipo wakachomeka printa nyuma ya kompyuta. Kompyuta ikalia "ting".

"Imeiona!" alisema Injinia.

"Na kama isingeiona, shangazi?" aliuliza tena.

"Ungejaribu tundu jingine. Kisha waya mwingine. Kisha ungewasha kompyuta upya. Kisha ungeijaribu printa kwenye kompyuta nyingine, ujue mbovu ni ipi. Ikigoma kote huko, ndipo uhangaike na programu. Na kufuta kila kitu kunakuja mwisho kabisa, tena baada ya kuhifadhi nakala."

Printa ikavuta karatasi. Lebo ya kwanza ikatoka, ya kijani, safi. Mama aliishika kwa ncha za vidole.

Wote wanne wakabandika. Baba alibandika upande, akakaripiwa, akaacha. Gari lilipopiga honi, sabuni ya mwisho ilikuwa inaingia katoni. Dereva alifungua katoni moja, akasoma lebo, akatikisa kichwa kukubali, akapakia.

Tangu siku hiyo simu, taa na feni zinatumia soketi ya ukutani. Printa na kipanya kila kimoja kina tundu lake kwenye kompyuta. Kitambaa kimehamia juu ya televisheni.

Wiki iliyofuata Mama alikwenda dukani, eti kununua chumvi. Akasimama karibu na rafu ya sabuni. Mwanamke mmoja alichukua sabuni ya mchaichai, akainusa, akaigeuza, akasoma lebo yote hadi tarehe.

"Umewahi kuitumia hii?" akamuuliza Mama.

"Nimezisikia sifa zake," alijibu Mama, akiwa ameng'ang'ania pakiti ya chumvi.

Yule mwanamke akaongeza ya pili.